Kuishi na ugonjwa sugu wa mapafu: maswali yanayoulizwa sana na majibu yake

Hapa naongelea pumu, COPD (ule ugonjwa sugu wa njia za hewa kuziba, unawapata sana wavuta sigara na waliokaa miaka kwenye moshi na vumbi), mapafu yaliyobaki na makovu baada ya TB, na mengine ya aina hiyo. Mengi hayaponi kabisa, ila namna mtu anavyoishi nayo inabadilika sana, na hiyo ndo sehemu ambayo haizungumzwi vya kutosha.

Swali: Daktari kasema kipimo cha kupuliza hakijabadilika, mbona mimi najisikia vibaya zaidi?

Inawezekana kabisa na haimaanishi unajidekeza. Kile kipimo kinaangalia unatoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani, basi, hakijui kama umeacha kupanda ngazi, unaoga kwa awamu, na sherehe siku hizi unatuma salamu tu. Unaweza kukuta watu wawili majibu yao yanafanana, mmoja anaenda kazini mwingine hatoki nje ya geti. Kwa wenye COPD kuna dodoso linaitwa CAT, maswali 8 tu: kikohozi, makohozi, kifua kubana, kuhema kwenye mlima au ngazi, shughuli za nyumbani, kujiamini kutoka nje, usingizi na nguvu za mwili. Kila swali ni 0 mpaka 5, jumla ya juu ni 40, na ukifika 10 kwenda juu ugonjwa unayagusa maisha yako kweli kweli. Shida yetu tukiulizwa "unaendeleaje" tunajibu "namshukuru Mungu" alafu tunachukua dawa tunaondoka. Jamani, mwambie daktari ni kitu gani ulikuwa unafanya mwaka jana na sasa umeacha, hiyo sentensi moja inamsaidia kuliko "naendelea vizuri".

Swali: Nikitembea kidogo tu nahema, si bora nitulie nipumzike?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na naomba nilijibu kwa urefu. Ukihema unaogopa, ukiogopa unakaa, ukikaa sana misuli ya mapaja inalegea, na msuli uliolegea unataka oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo kesho utahema kwa hatua chache kuliko leo, alafu utakaa zaidi. Yaani mapafu yanaweza yasiwe yamezidi kuharibika lakini wewe unazidi kuishiwa pumzi, na watu wengi wanafikia hatua ya kushindwa kuvaa nguo kwa njia hii hii.

Dawa yake ni mazoezi tiba ya mapafu. Kwa kawaida ni wiki 6 mpaka 8, angalau mara 2 kwa wiki mbele ya mtaalamu, mara nyingi ni mtu wa fiziotherapia: kutembea, kunyanyua uzito mdogo, kusimama na kukaa kwenye kiti, pamoja na mafunzo ya kupumua na kutumia dawa. Mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 65 za wagonjwa wa COPD, faida kwenye pumzi, uchovu na maisha kwa ujumla ikaonekana wazi kiasi kwamba walisema hakuna haja tena ya tafiti za kulinganisha mazoezi haya na matibabu ya kawaida peke yake. Kwa maoni yangu kila mwenye tatizo hili angetakiwa kuelekezwa huko, na inasikitisha wengi hawajawahi hata kuyasikia. Kama hayapatikani ulipo, muulize daktari wako kama ni salama uanze kutembea mwenyewe, kasi iwe ya kukufanya uheme ila bado uweze kuongea sentensi fupi. Kuhema wakati wa mazoezi hakuharibu mapafu. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, hapo simama.

Swali: Kuoga tu kunanimaliza, nifanyeje?

Oga umekaa kwenye stuli, vitu vyote viwe karibu usiiname wala kunyoosha mikono juu muda mrefu, mlango au dirisha liwe wazi kidogo mvuke utoke, na ukimaliza jifunike taulo kubwa ukae likaushe lenyewe badala ya kujisugua. Pumzi ikikata, inama mbele kidogo mikono juu ya magoti, vuta hewa kwa pua taratibu ukihesabu moja mbili, alafu toa kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza chai ya moto, hesabu mpaka nne. Feni ndogo ya mkononi ikipuliza usoni nayo inapunguza ile hisia ya kukosa hewa. Kwenye ngazi toa pumzi wakati unapanda, usiibane.

Swali: Inhela nikiizoea si mwili utaitegemea?

Hapana. Mwenye pumu anayekwepa inhela ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa) ya kila siku na kutegemea ile ya kufungua kifua peke yake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya shambulio, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena kutumia ya kufungua kifua peke yake. Kingine, wengi wanakosea kuitumia. Ya kupulizia inatikiswa, unatoa hewa yote, unaanza kuvuta polepole ndo unabonyeza, alafu unashikilia pumzi kama sekunde 10. Ya unga ni kinyume, unavuta kwa nguvu na haraka. Ukitumia ya steroidi sukutua mdomo uteme, la sivyo unaweza kupata fangasi mdomoni. Nenda nayo kliniki uitumie mbele ya nesi akuangalie.

Swali: Oksijeni ya nyumbani?

Inasaidia wale ambao oksijeni kwenye damu imeshuka sana hata wakiwa wamekaa, kama 88% kushuka chini, na wanaitumia angalau masaa 15 kwa siku. Kuhema peke yake sio sababu ya kuwekewa. Na sigara au moto usisogezwe karibu nayo kabisa.

Swali: Baba yangu amekuwa mkali, hataki kutoka wala kuongea na watu. Ni ugonjwa au tabia?

Mzee wako anaogopa. Kukosa pumzi kunatisha mno, na wasiwasi na sonona vinawapata sana watu wa hali hii, alafu wasiwasi wenyewe unaongeza kuhema. Mwambie daktari hilo nalo, linatibika. Nyumbani msimfanyie kila kitu kwa huruma, muachieni kazi anazoweza hata kama anachukua nusu saa, na akihema msimzunguke watu watano mkimuuliza maswali, mmoja akae naye apumue naye taratibu.

Swali: Naona aibu kuuliza, tendo la ndoa je?

Uliza tu, ni sehemu ya maisha. Wengi wanaendelea vizuri tu: chagueni muda ambao hujachoka wala hujatoka kula, tumia inhela ya kufungua kifua kabla kama daktari amekubali, mlale ubavu au mkao ambao kifua hakibebi uzito, na pumzikeni katikati bila kuona mmeshindwa. Ongea na mwenzako mapema, maana ukinyamaza anaweza kudhani humtaki tena.

Swali: Lini niache kujitibu nikimbilie hospitali?

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo au ulimi ukibadilika rangi kuwa wa bluu au kijivu, ukichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, au inhela ya kufungua kifua haikusaidii au nafuu yake haifiki masaa 4. Usisubiri kukuche.