Je, wajua kwa nini kaa anayeletwa Dodoma hufia ndooni lakini huishi kwenye gunia bichi?

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takribani kilomita 450. Ukimsafirisha kaa wa mikoko kwenye ndoo ya maji yaliyotuama, kuna hatari kubwa afike amekufa. Aliyefungwa magando na kufunikwa gunia lililoloweshwa anaweza kufika mzima, hata akakaa siku kadhaa. Wengi hushangaa: kiumbe wa majini anauawaje na maji?

Mwili wa kaa hufuata joto la mahali alipo. Joto likipanda kwa nyuzi 10, mahitaji yake ya oksijeni huongezeka mara mbili, pengine hata tatu. Moyo hudunda haraka, na vibapa viwili vidogo karibu na mdomo, vinavyosukuma maji kupita kwenye matamvua (viungo vyake vya kupumulia), navyo huongeza kasi.

Tatizo ni kwamba maji yakipata joto hupoteza oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 10 hubeba takribani miligramu 9. Yakifika nyuzi 30, hubaki kama 6. Kaa anahitaji zaidi wakati ambapo kilichopo ni kidogo zaidi. Kwenye ndoo iliyoachwa juani, ambako maji hayabadilishwi, hata hicho kidogo hukimaliza mwenyewe.

Damu nayo ina mambo yake. Damu ya kaa hutumia hemosianini, protini yenye madini ya shaba, ndiyo maana huwa na rangi ya samawati ikishika oksijeni. Kadiri joto linavyopanda, protini hii hulegeza mshiko wake. Oksijeni huachiwa kwa urahisi kwenye misuli, lakini kuinasa kwenye matamvua kunakuwa kugumu. Joto likizidi mno, moyo hushindwa kuendana na mahitaji, misuli huanza kufanya kazi bila oksijeni, asidi ya laktiki hujaa mwilini, na kaa hulegea.

Hewani mambo ni tofauti kabisa. Lita ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyo katika lita ya maji ya bahari yenye joto. Hata hewa ya Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambayo ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, inayapita maji kwa mbali. Sharti lake ni moja tu: matamvua yasikauke, kwa sababu oksijeni hupenya kupitia utando wenye unyevu. Hapo ndipo gunia bichi linapookoa maisha, na maji yake yanapokuwa mvuke humpoza kaa pia.

Kaa wa pwani wa Ulaya hufanya vivyo hivyo bila kufundishwa. Dimbwi likiishiwa oksijeni, huinua sehemu ya mbele ya mwili juu ya maji na kupitisha hewa kwenye maji aliyoyahifadhi ndani ya gamba, mapovu yakimtoka.

Kwa hiyo ukipokea kaa wako stendi, mweke kivulini, loweka upya gunia, na usimlaze juu ya barafu: baridi kali hupunguza mapigo ya moyo wa kaa huyu wa nchi za joto hadi akafa.