Kula dagaa kila siku hakutoshi: tezi ya thairoidi na madini joto

Ukizungumzia rovu (goita), uvimbe wa tezi ya shingoni unaoletwa hasa na upungufu wa madini joto (iodini), kandokando ya Ziwa Victoria, jibu huwa moja: sisi tunakula samaki, hilo halituhusu. Lakini samaki wanaosifiwa kwa madini joto ni wa baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban maikrogramu 50 hadi 60 za madini joto, wakati maji ya maziwa na mito huwa nayo kidogo sana, na samaki hana namna ya kupata kisichokuwepo katika maji na chakula chake. Sato, sangara na dagaa wanaoshushwa katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ni protini safi, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake hutoa kalsiamu nyingi. Kwa madini joto, hata hivyo, hawafikii changu au kibua wa Pwani. Mwanza madini joto huingia jikoni kwa njia ya pakiti ya chumvi.

Kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mtoto wa miaka 6 hadi 12 maikrogramu 120, wa chini ya miaka mitano 90, na mjamzito au mama anayenyonyesha 250. Mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hayafiki gramu 4. Tatizo ni kwamba huwezi kuyameza yote mara moja ukamaliza kazi. Lazima yaje kidogo kidogo, kila siku.

Tezi yenyewe iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina pande mbili zilizounganishwa katikati, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Ndani yake mna vifuko vidogo vya mviringo vilivyojaa ute mzito. Seli za kuta za vifuko hivyo zina pampu inayonyonya madini joto kutoka kwenye damu hadi kiwango cha ndani kinazidi cha damu mara 20 hadi 40. Kisha madini hayo husukumwa hadi kwenye ute, ambako kimeng'enya maalumu huibandika kila chembe kwenye protini iitwayo thairoglobulini. Vipande vya protini hiyo huungana viwili viwili: muungano wenye chembe nne za madini joto ni homoni ya T4, wenye tatu ni T3.

Homoni hizo haziingii kwenye damu papo hapo. Hubaki zimefungwa kwenye ute, na tezi yenye afya huwa na akiba ya miezi miwili hadi mitatu, kama kaya yenye ghala lililojaa. Ndiyo maana anayehamia chumvi isiyo na madini joto leo haoni chochote mwezi ujao, na ndiyo maana upungufu huu hupuuzwa kirahisi.

Sehemu kubwa ya kinachotolewa ni T4, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ini, figo na viungo vingine huiondolea chembe moja ya madini joto na kupata T3, kazi inayofanywa na vimeng'enya vinavyohitaji madini ya seleniamu. T3 ndiyo inayoingia kwenye kiini cha seli na kuamua mwili uchome nishati kwa kasi gani, moyo upige vipi, mtoto akue vipi.

Msimamizi yuko kichwani. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo, huiamuru tezi ya pituitari, nayo hutoa homoni ya TSH inayoisukuma thairoidi. Homoni za thairoidi zikitosha kwenye damu, TSH hushuka, zikipungua, hupanda. Madini joto yakikosekana kwa muda mrefu, TSH huendelea kusukuma: pampu huongezeka, seli hukua na kugawanyika, tezi inavimba. Rovu ya aina hii ni tezi inayohangaika kukamata kidogo kilichopo. Miaka ikipita, hutokea vinundu, na baadhi yake huanza kutengeneza homoni bila kusubiri amri.

Wanaojitibu huumia hapo. Mwenye vinundu vya siku nyingi akimeza madini joto mengi kwa mkupuo, homoni zinaweza kufurika: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda ilhali anakula vizuri. Kinyume chake pia hutokea, kwa sababu dozi kubwa huizuia tezi kutengeneza homoni. Kwa wengi kizuizi hicho huisha baada ya siku chache, lakini watoto wachanga na wenye magonjwa fulani ya tezi wanaweza kubaki wamekwama. Dawa ya madini joto ya kupaka vidonda si ya kunywa, hata tone. Na si kila uvimbe wa shingo unatokana na upungufu wa madini joto, kwa hiyo uvimbe unaokua, unaobana pumzi au kubadili sauti upelekwe hospitali.

Kuna jambo la muhogo. Huku Ukerewe na Sengerema ugali wa udaga (muhogo uliovundikwa na kukaushwa) ni chakula cha kawaida, na muhogo mchungu una kemikali inayozalisha sianidi. Mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, ambayo hushindania ile pampu ya madini joto. Kuloweka au kuvundika kwa siku tatu hadi nne na kuanika hadi ukauke kabisa huondoa sehemu kubwa ya sumu. Udaga uliofanyiwa haraka kwa sababu ya njaa au mvua ndio wa kuogopa, hasa katika nyumba ambayo chumvi yake haina madini joto.

Chumvi inayotoka kiwandani inatakiwa kuwa imeongezwa madini joto. Tuchukue yenye miligramu 30 kwa kilo: kijiko cha chai kilichosawazishwa, takriban gramu 5, kina maikrogramu 150. Ukitoa moja ya tano inayopotea katika upishi, inabaki 120. Ushauri wa kutia chumvi mboga inapokaribia kuiva una maana, lakini hasara kubwa zaidi hutokea dukani na kwenye kopo la nyumbani. Chumvi inayopimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi hunyonya unyevu, na madini huyeyuka na kuteremka na maji hadi chini ya gunia. Nunua pakiti iliyofungwa yenye maandishi ya madini joto, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria. Chumvi ya mawe ya mifugo au ya kukaushia samaki mara nyingi haina madini joto. Mwenye presha asiongeze chumvi. Abadili aina tu.

Kwa mjamzito muda ni mfupi. Tezi ya mtoto tumboni huanza kukusanya madini joto karibu na wiki ya 12; kabla ya hapo ubongo wake hutegemea homoni za mama peke yake, na upungufu mkali unaweza kuleta mimba kuharibika au mtoto mwenye ulemavu wa akili. Wengi huanza kliniki baada ya kipindi hicho.

Uchovu usioisha, kuhisi baridi wenzako wakiona joto, choo kigumu, ngozi kavu na hedhi nyingi ni sababu ya kupima TSH. Ukiandikiwa levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, imeze kwa maji matupu nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vidonge vya madini chuma au kalsiamu viachane nayo kwa saa nne, maana huizuia isifyonzwe. T4 huchukua takriban siku 7 kupungua nusu katika damu, hivyo kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukirudi mapema zaidi majibu yatakupotosha. Anayetumia dawa hii akishika mimba, awahi kituoni wiki hiyo hiyo, kwa kuwa mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.