Ushahidi wa kijiolojia: kusoma matetemeko na mafuriko ya kale katika udongo wa Dodoma

Ushahidi wa kijiolojia ni alama ambazo tukio la asili huacha kwenye mwamba au udongo, na ambazo bado zinaweza kupimwa muda mrefu baada ya tukio lenyewe kusahaulika. Alama hiyo yaweza kuwa tabaka lililokatika, tope lenye mawe makubwa, au masalia ya ziwa lililokauka. Kwa Tanzania ya kati hili si jambo la makumbusho tu. Mtandao wa dunia wa seismografu, yaani mashine za kurekodi matetemeko, ulianza kuenea miaka ya 1960, ilhali mpasuko mmoja wa ardhi unaweza kutulia kwa maelfu ya miaka kati ya tetemeko kubwa na jingine. Mashine ikinyamaza, haina maana kwamba mpasuko umekufa.

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Singida unapita tambarare ya Bahi na Kintinku, kisha unapanda ukingo mkali kabla ya Manyoni. Ukingo huo ni kazi ya mipasuko ya Bonde la Ufa, iliyokata miamba ya graniti yenye umri wa mabilioni ya miaka. Graniti yenyewe ni ya kale mno kwa swali letu. Inachoonyesha ni kwamba ilikatwa; lini ilikatwa, hilo linatafutwa kwenye udongo ulioporomokea miguuni pa ukingo.

Kazi huanza kwa kuchimba handaki linalokata mpasuko kwa kuuvuka, kwa kawaida kina cha mita 2 hadi 3. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ndicho wakati wake. Kuta zozote zinazozidi kimo cha mita 1.5 ziwekewe nguzo au zikatwe kwa ngazi, kwa sababu mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, hupasuka ikikauka na inaweza kuangukia watu bila dalili. Ukuta unakwanguliwa kwa mwiko hadi uwe safi, unafungwa kamba za miraba ya mita 1 kwa 1, kisha kila mpaka wa tabaka unachorwa mraba kwa mraba.

Kinachotafutwa hasa ni kabari ya udongo. Tetemeko linapopasua uso wa ardhi linaacha genge dogo, yaani ukuta wa ardhi ulio wazi. Genge hilo huporomoka na kujaza upande ulioshuka, kokoto na mawe zikikaa karibu na mpasuko, mchanga laini ukienda mbali. Kabari mbili zilizotenganishwa na udongo uliokwisha kuota mizizi ni ishara ya matetemeko mawili, si moja. Lakini tetemeko lililo chini ya ukubwa wa 6 kwa kawaida halifiki juu, kwa hiyo handaki haliwezi kulionyesha.

Mbuga ina mtego wake. Mfinyanzi wake huvimba masika na kusinyaa kiangazi, vipande vikasuguana hadi vikawa na nyuso laini zinazong'aa, zenye mikwaruzo. Zinafanana sana na nyuso za mpasuko wa tetemeko. Kipimo cha kuzitenganisha ni kufuata uso huo kwenda chini: kama unapinda kama bakuli na kuishia ndani ya mfinyanzi, ni kazi ya maji na jua. Mpasuko wa kweli unaendelea hadi kwenye tabaka la chini na kulihamisha.

Halafu inakuja tarehe, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mkaa hupimwa kwa kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 na hufaa hadi miaka 50,000 hivi. Pasipo mkaa, hupimwa chembe za kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga: zikifukiwa hukusanya nishati ya mionzi ya asili, na jua huifuta, hivyo kiasi kilichokusanyika huonyesha zimefukiwa muda gani. Sampuli huchukuliwa kwa kugongomea bomba la chuma lisilopitisha mwanga, lenye kipenyo cha sentimita 5 hivi, na kuziba ncha zote mbili papo hapo. Udongo wa kulizunguka, hadi sentimita 30, nao huchukuliwa ili kupima mionzi. Bahi na Manyoni kipimo hiki kinahitaji uangalifu wa ziada, kwani tabaka la chokaa lina urani, madini yenye mionzi, inayoweza kuhama na maji na kubadili kiwango cha mionzi. Mchwa nao huhamisha chembe kati ya juu na chini. Kwa hiyo usichukue sampuli karibu na kichuguu au tundu la mzizi, hata kama ukuta hapo unapendeza.

Tabaka la chini ya kabari likiwa na miaka 9,000 na la juu yake 7,000, tetemeko lilitokea kati ya hapo. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Mafuriko husomwa kwa mpangilio wa chembe. Mto huchambua: kokoto chini, mchanga, kisha tope laini juu. Poromoko la tope halichambui, linabeba mwamba na udongo pamoja, kama lile lililoshuka Mlima Hanang hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Ukikuta korongo lenye matabaka kadhaa ya aina hii, jua kwamba njia hiyo ya maji imekwisha kutumika zaidi ya mara moja, na nyumba isijengwe mdomoni mwake. Kondoa, udongo uliojikusanya chini ya vilima vya Irangi umesaidia kuonyesha kuwa mmomonyoko haukuanza karne ya 20. Ni wa kale zaidi kuliko mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanzishwa mwaka 1973 kupambana nao.

Mashimo ya misingi na makato ya barabara na reli hufungua kuta kama hizi bila gharama, kisha hufunikwa baada ya wiki chache. Piga picha ukuta ukiwa umekwanguliwa, weka rula ionekane, andika mahali kwa GPS na upande ukuta ulikoelekea, na umpe mwanajiolojia kabla zege halijamwagwa.