Haoni gizani, na karoti hazisaidii: maswali kuhusu jeni ya RPE65

Mwanangu wa miaka 3 hupapasa kuta jua likishazama. Karoti, maini, matone ya vitamini A, vyote tumempa. Mbona habadiliki?

Hamkukosea kuanzia hapo. Upungufu wa vitamini A ndio hushukiwa kwanza, na Tanzania watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone hayo kila baada ya miezi 6. Mwenye upungufu huo akiyapata, huanza kuona usiku mapema tu. Asiyepata nafuu atafutiwe sababu nyingine. Mojawapo, ingawa ni nadra, ni hitilafu kwenye jeni (maelekezo ya urithi mwilini) iitwayo RPE65. Ila msimzidishie dozi, kwani vitamini A nyingi huumiza ini.

Jeni hiyo ina kazi gani?

Ipo kwenye kromosomu namba 1, na kutokana nayo mwili hutengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi katika utando mweusi ulio nyuma ya retina, yaani sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga. Retina huona kwa kutumia kemikali itokanayo na vitamini A, yenye umbo lililopinda. Mwanga ukiipiga, inanyooka, na hapo ndipo kuona kunapoanza. Ikishanyooka haifai tena mpaka ipindwe upya. Ni kama biashara ya soda za chupa: chupa tupu lazima zirudi kiwandani zikajazwe. RPE65 ndiyo inayojaza. Ikiharibika, tupu zinarundikana kwenye ule utando huku retina ikikaa na kiu. Karoti zinaongeza chupa tupu tu.

Dalili zake huanza lini?

Wengi, tangu uchangani. Macho yanachezacheza, mtoto hakazii macho uso wa mama, lakini taa au dirisha lenye jua atalikodolea muda mrefu. Kinachowapotosha hata wataalamu ni kwamba akimulikwa ndani ya jicho akiwa mdogo, retina yaweza kuonekana nzima. Kipimo cha umeme wa retina ndicho kinachofichua.

Majirani wanasema ni laana ya upande wa mama.

Waache waseme. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama, ambao wenyewe wanaona vizuri. Kila ujauzito wa wazazi hao una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Ndoa za mabinamu huongeza uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba nakala mbovu.

Kuna tiba?

Ipo. Mwaka 2001 watafiti Marekani walitangaza kwamba mbwa wa aina ya Briard, waliozaliwa na hitilafu ya jeni hiyo hiyo, wameanza kuona baada ya kupewa nakala nzima ya jeni. Desemba 2017 nchi hiyo iliidhinisha tiba iitwayo Luxturna kwa binadamu: virusi visivyosababisha ugonjwa hubeba nakala nzima ya jeni, na daktari huvidunga chini ya retina, mara moja kwa kila jicho. Wengi waliotibiwa hutembea vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu. Si kwamba macho yanakuwa mapya. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili, na familia nyingi haziwezi kuimudu.

Sasa nianzie wapi?

Kwa daktari bingwa wa macho; kwa Tanzania, hospitali za Muhimbili, CCBRT na KCMC wapo. Mwambie matone hayakusaidia, kisha uliza kipimo cha umeme wa retina na cha jeni, kinachohitaji damu au mate tu. Msikawie: tiba hiyo hufaa pale tu seli za retina zikiwa bado hai, nazo hufa kidogo kidogo mtoto anavyokua. Kama ana mdogo wake, nendeni naye.