Kwa nini ramani ya nchi kavu na ya bahari hazikutani ufukweni?

Tarehe 17 Julai 1998 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliitikisa pwani ya kaskazini ya Papua New Guinea. Muda si mrefu mawimbi yaliyofikia mita 15 yakasomba vijiji, na watu zaidi ya 2,000 wakafa. Wataalamu walitatizika, maana tetemeko la kiasi hicho si kawaida kuzaa mawimbi makubwa namna ile. Mwaka uliofuata meli za utafiti zilipopima sakafu ya bahari zikakuta kovu la mteremko ulioporomoka chini ya maji.

Kovu hilo lilikuwa kwenye kina kirefu, ambako sona, yaani chombo cha kupima kina kwa mwangwi wa sauti, hufanya kazi vizuri. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, nayo sona ya miale mingi hupima ukanda wenye upana wa mara kadhaa ya kina cha maji. Kasheshe ni ufukweni. Maji yakiwa ya mita 5 tu ukanda huo huwa mwembamba mno, na nahodha gani atakubali kupeleka meli yake kwenye miamba? Ndege nayo hupima nchi kavu kwa leza, lakini mwanga wa infraredi unaotumika sana humezwa na maji. Leza ya kijani hupenya, mradi maji yawe maangavu. Tope na povu la mawimbi huizuia. Hivyo hubaki utepe usiopimwa, papo hapo ambapo poromoko huvuka kuingia baharini.

Hata pakipimwa, kuna mtego mwingine: sifuri. Ramani za nchi kavu huhesabu kimo kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Chati nyingi za mabaharia huanzia maji yakiwa yamekupwa sana, chombo kisije kikapanda mwamba. Ukiziunganisha bila kusahihisha, unapata ngazi ya uongo ya mita moja au zaidi, inayofanana kabisa na ufa ambao mtafiti anautafuta!

Mei 2017, huko Mud Creek, California, mlima uliporomoka ukafunika barabara kuu na kusukuma ufuko mbele baharini. Ili kujua umeshuka udongo kiasi gani, vimo vya ramani ya baada hupunguzwa vile vya ramani ya kabla ili kupata tofauti, na sehemu iliyozama huhesabika tu ikiwa sakafu yake ilipimwa mapema.