Si Kila Kipele ni Ukurutu: Tunayoambiana Mombasa na Yaliyo Kweli

Kaskazi ikikaza hapa Mombasa, sisi wenye ukurutu (ekzema, maradhi ya ngozi kavu inayowasha) hatulali. Jasho halikauki, nguo inagandama mgongoni, na wengi wetu tunaoga maji ya kisima yenye chumvi yanayoiacha ngozi imekakamaa. Nina maradhi haya tangu utotoni na bado natibiwa. Kinachonichosha kuliko muwasho wenyewe ni vipele vigeni vinavyozuka katikati ya matibabu. Mtu hujui vimetoka wapi, na kila jirani ana jibu lake. Baadhi ya majibu hayo yananiuma, maana nimeona yakiwaongezea watu mateso.

Dhana: "Una ukurutu, basi na hivyo ni ukurutu."

Hapa nilikosea mimi mwenyewe. Kaskazi moja lilinitoka baka kiunoni, pale inapobana lastiki ya sketi. Nikalipaka krimu yangu ya steroidi. Likatulia siku tatu, likarudi. Nikaenda duka la dawa nikanunua tyubu ya mchanganyiko, steroidi na dawa ya fangasi na antibiotiki humo humo. Likatulia tena, kisha likarudi kwa nguvu na kushuka hadi pajani.

Daktari wa ngozi hakusema mengi. Alikwangua ukingo wa baka kwa kisu kidogo, unga mweupe ukadondokea kwenye kipande cha kioo, akauweka chini ya darubini. Zilikuwa fangasi. Choa, au mashilingi kama wengine wanavyoita. Steroidi hupunguza uvimbe na muwasho, ukadhani unapona, kumbe imeilaza kinga ya ngozi pale pale na fangasi zinatambaa bila kizuizi. Hata lile umbo la pete hufutika, ndiyo maana choa kilichopakwa steroidi humpotosha hata mtaalamu.

Ukurutu haukukingi na maradhi mengine ya ngozi. Upele wa utitiri, kwa mfano, huwasha zaidi usiku na hupenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Ukiona na mwingine nyumbani anajikuna, ushuku. Dawa yake hupakwa na watu wote wa nyumba siku moja, hata asiyewashwa, la sivyo mtaambukizana upya. Na muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne baada ya utitiri kufa. Wengi hapo hudhani dawa imeshindwa, wakaanza kujipaka kila wanachopewa.

Harara nayo huja na joto letu: vipele vidogo vidogo shingoni, mgongoni, chini ya matiti, jasho likikosa pa kutokea. Mafuta mazito huizidisha. Mimi wakati wa kaskazi huhamia losheni nyepesi isiyo na manukato, na mafuta mazito hungoja kusi. Kupaka kwenyewe ni kwa kufuata nywele za ngozi zinakolala, bila kusugua, ili vishimo vya nywele visizibe na kutunga usaha.

Kuna na yale mabaka yanayovimba ghafla kama umeumwa na mbu mia, yakatoweka, yakaibukia kwingine. Chukua kalamu, zungushia baka moja mstari, uandike saa kando yake. Kesho yake likiwa limeondoka ndani ya mstari bila kuacha alama, huo kwa kawaida si ukurutu, maana ukurutu hauhami ndani ya saa 24. Piga picha ya baka na mstari wake kabla halijatoweka. Ukifika kliniki ngozi itakuwa laini kama hukuwa na kitu.

Dhana: "Hakuna wekundu, basi hakuna ugonjwa."

Vitabu vingi huonyesha ngozi nyeupe. Kwetu ukurutu hutokea wa kahawia, wa zambarau au wa kijivu, na mara nyingine kama vinundu tu unavyovihisi kwa mkono kabla jicho halijaviona. Ukishapoa huacha madoa meusi au meupe kwa miezi. Doa peke yake, bila muwasho wala ukavu, halihitaji steroidi.

Dhana: "Ni damu chafu."

Nyanya yangu aliamini nina damu chafu, akaninywesha shubiri kwa mapenzi yake yote. Nikaharisha, na ukurutu ukabaki ulipo. Tatizo liko kwenye ukuta wa ngozi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wenye ukurutu wana hitilafu katika jeni la filagrini, protini inayosaidia kuufunga ukuta huo. Ukivuja, maji hutoka na vya kuwasha huingia. Kwa hiyo mafuta ya kulainisha ni sehemu ya tiba, na hupakwa dakika chache tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu.

Dhana hii ndiyo inayowanyima watoto samaki, mayai, pweza na biringani kwa mpigo. Mzio wa chakula upo kweli, hasa kwa watoto wadogo wenye ukurutu mkali, lakini kwa kawaida hujionyesha ndani ya dakika hadi saa mbili: midomo kuvimba, kutapika, mabaka. Usimkatie mtoto chakula kwa kubahatisha.

Wengine husema ni jicho. Kisomo kinanituliza moyo na siachi. Lakini nikitoka kusomewa naenda pia kuonyesha ngozi.

Dhana: "Steroidi itakuchuna, ipake kwa mbali."

Hofu hii ina asili yake. Tumewaona dada zetu walioharibiwa nyuso na krimu za kujichubua zilizotiwa steroidi kali. Ila kupaka kidogo mno huuacha ukurutu ukiwaka kwa wiki nyingi, na mwisho wake mtu hutumia dawa nyingi zaidi. Kipimo ni chepesi: kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Nguvu ya dawa na idadi ya siku aseme daktari, kwani uso si mguu.

Dhana: "Cha asili hakidhuru."

Hina ya kawaida ni majani. Piko ni habari nyingine, kwani mara nyingi weusi wake ni rangi ya kutia nywele yenye kemikali ya PPD. Siku chache baada ya harusi, ua zima huinuka mkononi kwa malengelenge, petali kwa petali. Mzio huo haukuachi, na rangi ya nywele baadaye inaweza kukuvimbisha uso.

Yapo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Malengelenge madogo yanayofanana, yenye vishimo, yanayouma kuliko kuwasha, pamoja na homa, huenda ni virusi vya herpes vimeingia kwenye ukurutu. Karibu na jicho ndiyo usingoje kabisa. Na ukianza dawa mpya, kama antibiotiki ya Septrin au dawa za kifafa, kisha katika wiki za mwanzo ukatokwa na vipele na vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inayobambuka, nenda sasa hivi na pakiti ya dawa mkononi.

Dhana: "Daktari asipotaja jina, hajui kazi."

Yale mabaka ya kuhama, hasa yakipita wiki sita, mara nyingi hayapatikani chanzo, na bado hutulizwa kwa vidonge vya mzio. Kwa vingine nina daftari: tarehe, mahali, nilichopaka, nilichovaa. Vipele vya shingoni vilinisumbua hadi nilipoona vinakuja Jumamosi au Jumapili. Ijumaa ndiyo siku ninayojitia mafuta ya manukato shingoni. Niliyaacha mwezi mzima, shingo ikapona. Siku hizi nayatia kwenye upindo wa buibui. Vya mguuni vingali bila jina, na Jumatano narudi kliniki na daftari langu.