"Daktari, nimeshawapa dawa ya mafua"

Juzi tena. Simu saa kumi na mbili asubuhi, mfugaji wa kuku wa mayai, kuku 19 wamekufa usiku mmoja. Kabla sijauliza lolote: "Daktari, nimeshawapa dawa ya mafua."

Jamani! Jina hili "mafua" ndilo linalotuponza. Mafua ya kuku mnayoyajua, yale ya uso kuvimba na makamasi yanayonuka, ni koriza, na huletwa na bakteria. Hapo antibayotiki husaidia. Mafua makali ya ndege ni virusi. Wamwagie pakiti nzima kwenye maji, havishtuki. Tena kuku mwenye mafua makali anaweza asitoe kamasi hata tone. Unamkuta ameshakufa, upanga wa kichwani umegeuka zambarau. "Lakini nilichanja kideri (Newcastle)." Vizuri, endelea. Kideri ni kirusi kingine kabisa.

Nikiri: kwa macho tu siwezi kutofautisha kideri kikali na mafua makali. Anayekwambia anaweza, kwa picha ya WhatsApp, anakudanganya. Maabara ndiyo inayosema. Kwa hiyo usipasue mzoga, usiuze waliobaki, mpigie afisa mifugo.

Januari 2017 Uganda ilipotangaza mafua makali ya ndege, aina ya H5N8, ndege wa porini walikuwa wamekufa Lutembe, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Tangu hapo kila mtu anatazama juu na kununua wavu wa kuzuia ndege wa porini. Wavu ni mzuri, hasa ukiwa karibu na ziwa. Ila kinyesi cha ndege hakihitaji kupita juu. Huingia na soli yako, na tenga la mchuuzi, na trei za mayai za karatasi zilizozunguka soko zima na haziwezi kuoshwa. Na sisi madaktari tunaotoka banda hadi banda, tusijitoe.

Halafu beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni, la kukanyaga kabla ya kuingia. Naonyeshwa kwa fahari: maji rangi ya chai ya maziwa, maranda yanaelea, yaliwekwa Jumatatu na leo Ijumaa. Dawa nyingi zikikutana na kinyesi huishiwa nguvu kabla hazijamfikia kirusi. Sugua soli kwa brashi na sabuni kwanza, ndipo ukanyage, kisha usimame kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Nani anasimama? Hata mimi sisimami. Bora ndala za bandani, rangi yake moja, zisivuke kizingiti kamwe. Ni rahisi, na hakuna anayefanya.

Kwa kuku wa kienyeji wanaozurura hadi kwa jirani, sina jibu zuri. Ushauri wote huu unadhani banda lina mlango.

Yule wa asubuhi nikamuuliza mizoga iko wapi.

"Nimempa kijana akaitupe mtoni."

"Ameondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi, na baiskeli."

"Mkimbilie, kaka. Simu usikate."